Kipande Nambari 212

Magunia huja saa mbili. Jumatatu huwa matano,
theluji ya Washington bado imeng'ang'ania kamba.
Bwana Pruitt hufungua bahasha kwa kisu, mimi hugawa:
za kujibiwa, za wizarani, za kabatini.
Kuna na fungu la nne, halina jina,
nimelificha chini ya meza, karibu na bomba la mvuke.

Leo mzee wa Nebraska anadai tena nyumbu wake,
aliyegongwa na treni miaka kumi na miwili iliyopita.
Mtoto wa Vermont ametuma jino limefungwa uzi,
anauliza kama Ikulu kuna panya.
Mama mmoja ameeleza supu ya vitunguu, kwa kifua cha Rais,
na amesisitiza: chumvi mwisho.
Mwingine ameandika TAFADHALI, basi,
wala hakuweka anwani.

Hilo nilikaa nalo.
Tafadhali nini?

Wote jibu lao moja:
*Rais amepokea barua yako, na anakushukuru.*
Naweza kulipiga chapa nimefumba macho,
ghorofani viti vikiburuzwa.

Saa tano ikaja ripoti. Ripoti haisafiri guniani,
huletwa na tarishi mwenye glavu.
Mgodi wa Caddell, Virginia Magharibi. Mlipuko.
Nakala tatu, Bi Tisdale, kabla ya chakula.
Kurasa kumi na nne: upana wa shimo, nguvu ya feni,
nyumbu kumi na tisa, kila mmoja na bei yake,
mmoja hata na jina, Bess, dola mia na arobaini.
Wanaume: sitini na watatu.

Nikafunua, nikafunua, natafuta nao wanaitwaje.
Nikakuta nambari.
Mchimbaji hushuka na kipande cha shaba shingoni,
akipanda hukitundika msumarini.
*Vipande visivyorudi: 17, 40, 41, 88*
na vidole vyangu vikaenda navyo, tap, tap,
kama mvua isiyojua inanyesha paa la nani,
hadi mstari wa tisa, vikagoma.

Kwani asubuhi, gunia la tatu,
palikuwa na barua ya Zuzana Hrabovská wa Cleveland.
Ameandikiwa na binti wa jirani,
kwa penseli, mistari ikipanda mlima:
*Mheshimiwa, mwanangu Ondrej haandiki tangu Krismasi.*
*Kampuni haiwezi kutamka jina letu,*
*husema mtu huyo hatunaye.*
*Labda wewe watakujibu.*
*Ni mrefu, akicheka hufunika mdomo,*
*na nambari yake ni 212. Aliniambia, mama, hutaisahau,*
*ni ileile ukisoma kwenda na ukisoma kurudi.*

209. 212. 230.
Nikasoma kurudi.
230. 212. 209.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia.
Hiki kimeanza kinyume:
nimetangulia mimi, nisiyemjua hata sauti,
na mfiwa yuko Cleveland anapasha jiko,
anamwekea mtu sahani.

"Ripoti ni ya juu, barua ni ya chini,"
alisema Bwana Pruitt, hakuinua kichwa. "Hazijuani."
Si mtu mbaya. Ana binti mgonjwa wa mapafu,
na ndiye aliyenifundisha kutenga mafungu.

Nikaingiza karatasi.
*Rais amepokea barua yako, na*

Nimefika hapo.
Saa ya ukutani imepiga, wenzangu wamevaa makoti,
taa ya korido imezimwa, na hiyo "na"
imesimama ukingoni mwa weupe
kama mtu aliyefika mdomo wa shimo akaita,
akasikiliza.

Mashine ni ya serikali. Nimeichomoa karatasi.
Nimefungua mkoba, nikatoa kalamu yangu mwenyewe,
nikaanza na jina lao,
polepole, herufi zote tisa,
na ile alama ndogo juu ya ya mwisho.